Mwalimu wa Harufu ya Udongo

Mtu mwoga kuliko Mwalimu sijamwona, na nimeishi hapa mpakani maisha yangu yote, mahali ambapo watu wana sababu nyingi za kuogopa. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa, hata yule wa mlinzi wetu aliyekuwa mzee na hakuwa na meno ya kumuuma mtu. Aliogopa simu ikilia kabla ya jua kutoka. Zaidi ya yote aliogopa malori ya mafuta yanayopanga foleni kuelekea Malaba, penye kivuko cha kuingia Uganda. Tukifika hapo kwa pikipiki alimgonga dereva begani na kumwambia, "Boss, nishushe, nitatembea," kisha akakata kupitia mashamba ya watu, mbali na barabara, akaungana nasi foleni ilikoishia. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akaniambia, "Moja likishika moto, barabara yote hii ni jiko."

Hata salamu yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu. Hakusema habari ya asubuhi. Alisema, "Wote wazima?" Ukimjibu kwamba ni wazima tu, alikukazia macho mpaka umtajie mmoja mmoja: mama yuko, watoto wako, yule ndugu wa Nairobi alipiga simu jana. Hapo ndipo alipoweka mkoba chini na kuanza kazi.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja upande wa Alupe, na yeye alifundisha kemia. Kila mtu chuoni, kuanzia wapishi hadi mkuu mwenyewe, alimwita Mwalimu, kana kwamba wale wengine walikuwa na kazi nyingine. Wanakijiji wa pande za Amukura walimwita Mama Harufu, kwa sababu akitoka darasani kazi yake ilikuwa kupima harufu ya udongo.

Harufu hiyo kila mtu anaijua. Jembe likiingia ardhini, au mvua ya kwanza ikipiga vumbi, kitu hupanda puani, kitu baridi, kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi. Watu husema ndiyo harufu ya udongo. Mwalimu alisema udongo wenyewe haunuki. Vinavyonuka ni vitu vinavyotengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi humo ndani kwa mamilioni, na kimoja kati ya vitu hivyo vitabu hukiita geosmini. Udongo ukiachwa umetulia, hukaa nacho. Ukiuvuruga, kinaruka hewani, na pua ya binadamu hukishika hata kikiwa kidogo kiasi ambacho mashine nyingi haziwezi kukiona.

"Udongo ukiguswa hupiga kelele," aliwaambia wanafunzi. "Kisha hunyamaza polepole. Mimi napima kelele, na napima unachukua muda gani kunyamaza."

Alianzia kwenye vidimbwi vya samaki. Wafugaji walilalamika kwamba samaki wao wana ladha ya tope na wanunuzi sokoni Busia wanawarudisha. Mwalimu akaona kwamba shida inakuja na maji ya mvua kutoka mashambani yaliyolimwa juu ya vidimbwi, basi akaacha samaki na kupanda mlimani kufuata jembe. Tulikwenda shamba kwa shamba. Palipolimwa tuliinamisha bakuli la chuma juu ya udongo na kuzibandika kingo zake ardhini ili hewa isitoroke. Bakuli lilikuwa na tundu, na kutoka kwenye tundu pampu ndogo ya betri ilivuta hewa ikaipitisha ndani ya mrija mwembamba uliojaa punje za kunasa harufu. Pampu ililia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Tukimaliza tuliziba mrija pande zote mbili, tukaupeleka maabara, na huko mashine kubwa iliupasha moto na kuchora kwenye skrini milima: mlima mkubwa, harufu nyingi, mlima mdogo, udongo umeanza kutulia. Majibu hayakutoka shambani hata siku moja. Yalitoka Alupe, kesho yake au kesho kutwa.

Kwa kipimo alikuwa mkali, ingawa sauti yake haikupanda. Mwanafunzi mmoja aliishiwa na betri huko shambani, akakisia matokeo na kuyaandika. Mwalimu aliyasoma, akamwita, akamwambia taratibu kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba, "Umeniletea kitu ambacho hakikutokea." Yule kijana alilia. Alirudia kazi yote, na mpaka leo, nasikia, yeye ndiye mkali kuliko wote huko alikoajiriwa.

Jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu ni kwamba aliuogopa huo huo udongo alioufanyia kazi. Hakuugusa bila glavu. Alivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, hata kiangazi. Kabla ya kukanyaga uwanja wa boma lolote alidunda ardhi kwa fimbo, akiogopa choo cha zamani kilichofunikwa vibaya kisije kikammeza. Na bado nilimkuta mara nyingi ameinama juu ya mtaro mpya, amefumba macho, anavuta pumzi kama mtu anayenusa chakula cha mamake. Nilimuuliza kama anaipenda harufu hiyo.

"Naipenda sana," akasema. "Na inanitia hofu. Ukiisikia, ujue mahali fulani mtu amefungua kitu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakula nyama ya hoteli, lakini aliwanunulia wengine na kukaa akiwatazama kama muuguzi. Kanisani alikaa karibu na mlango, lakini padri akiuliza nani atamsindikiza mgonjwa hospitali, mkono wake ndio ulionyooka. Alisema siendi, halafu akaenda. Mimi nilizoea kusikiliza miguu yake kuliko mdomo wake.

Kati ya mashamba tuliyopima lilikuwepo la bwana mmoja tuliyemwita Baba Amoit, Mteso, mfugaji, nje kidogo ya Amukura. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe, Mama Amoit, alikuwa kinyume chake. Alitupokea kwa salamu ya Kiteso, "Yoga!" tukiwa bado barabarani, akatuletea muhogo wa kuchemsha, akamweka mtoto wake mdogo mapajani mwa Mwalimu bila kuuliza. Alipoona bakuli letu limefunikwa shambani alicheka mpaka akashika mbavu. "Mnapikia nani?" akauliza. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka sana, alicheka naye. Njiani kurudi aliniambia, "Yule mama akikaa karibu, hata mimi nasahau kuogopa."

Siku ya mambo yenyewe mvua za kupanda zilikuwa zimeanza. Ilikuwa mchana, tuko maabara. Simu ya Mwalimu ikalia, naye akaiweka kwa sauti ya nje kwa sababu alikuwa amevaa glavu. Aliyepiga alikuwa naibu wa chifu wa kule Amukura.

"Mwalimu, njoo na ile mashine yako ya kunusa mchanga. Mama Amoit amepotea, yeye na mtoto. Hawajaonekana siku kadhaa. Leo watu wameona bwana yake amechimba nyuma ya boma la ng'ombe akafukia. Wanasema amewazika hapo."

Mwalimu alikaa kwenye kiti. "Mashine yangu haijui maiti," akasema. "Inajua udongo umeguswa. Basi."

"Mimi najua hivyo. Watu hawajui. Wamekuja na tairi na petroli, Mwalimu. Nimewaomba wangoje polisi, na gari ya polisi imekwama kwa matope. Wewe wanakuheshimu. Njoo tu unisaidie kuwashikilia."

"Mwambieni huyo bwana aseme ukweli."

"Hasemi. Anasema tu wasichimbe."

Simu ikakatika. Mwalimu aliinuka. "Siendi," akaniambia. "Kwa nini niende? Mimi si polisi." Alikuwa tayari amefungua kabati na kutoa bakuli.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, mvua ikitupiga usoni. Sijui yeye aliwaza nini. Mimi niliwaza mtoto mapajani mwake, na sikutaka kufika.

Tulisikia watu kabla ya kuwaona. Walikuwa wamejaa uwanjani, wanaume wengi, wanawake wamesimama pembeni na kanga kichwani, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Ulikuwa mngurumo tu, wa chini, kama wa mashine ya kusaga ikiwa mbali. Baba Amoit alikaa kwenye matope, mikono imefungwa kwa kamba mbele, mdomo umepasuka. Karibu naye zilikuwa tairi mbili. Nyuma yake, ukutani mwa boma, udongo mpya mwekundu ulikuwa umeinuka kama kitanda. Harufu ilitujia pale pale, ile ile ya kila siku, baridi, nzito kwa sababu ya mvua. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. 

Kijana mmoja mrefu, mwenye jembe begani, alimwambia naibu wa chifu, "Mzee, tumengoja vya kutosha. Tunachimba."

Baba Amoit akainua kichwa. "Niueni," akasema. "Niueni tu, lakini msichimbe."

Mngurumo ukapanda. Mtu akampiga teke mgongoni.

Mwalimu alipita katikati yao. Nilimwona akipita mita chache tu kutoka kwa mbwa aliyekuwa anabweka, na hakumgeukia. Alisimama kando ya ule udongo mpya, akasema kwa sauti aliyoitumia darasani, "Nipeni nafasi nipime kwanza. Mkishachimba, sitaweza tena kujua ni lini huu mchanga uliguswa, na korti itauliza."

Neno korti liliwafanya watazamane. "Pima haraka, mama," kijana wa jembe akasema.

Tukapiga magoti. Tuliinamisha bakuli, nikaunganisha mrija, nikabonyeza pampu. Hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye betri njiani, na pampu ilikuwa imekufa kabisa. Nilimtazama Mwalimu. Nilijua anaona, maana hakuna mtu aliyeijua sauti ya ile pampu kama yeye. Nilingoja aseme kazi imekwisha.

"Shika mrija vizuri," akaniambia. "Usitikisike." Akaangalia saa yake ya mkononi kama anavyofanya kila siku.

Nikashika mrija. Hewa haikuwa ikienda popote. Tulipiga magoti pale wawili, mbele ya watu wote wale, tukipima kitu ambacho hakikuwa kikitokea.

Baba Amoit alikuwa amekaa karibu, kiasi cha kumgusa. Nikaona Mwalimu ameacha kuangalia saa. Alikuwa anaangalia mkono wa yule bwana, juu kidogo ya kamba. Palikuwa na kidonda, cheusi katikati kama mkaa, kimezungukwa na uvimbe.

"Hii kidonda inauma?" akamuuliza kwa kunong'ona.

"Haiumi."

"Ilianza lini?"

Baba Amoit akauvuta mkono kifuani. Mwalimu akauliza tena, midomo yake haisogei sana. "Umezika nini hapa, baba?"

Aliinamisha kichwa karibu kufika magotini. "Ile ng'ombe nyekundu," akasema. "Ilianguka tu asubuhi, ikakufa. Damu ikatoka kwa pua. Mama Amoit akasema tuzike hata ngozi. Mimi nikaona ni hasara. Nikaichinja."

"Nyama iko wapi?"

Akainua macho na kuwatazama watu. Niliyafuata macho yake. Aliwapita mmoja mmoja, mama yule, mzee yule, kijana wa jembe, na nikaelewa kwa nini amekubali kupigwa bila kusema neno.

"Wamekula?" Mwalimu akauliza.

"Wengi wao. Halafu hii kidonda ikatokea. Nikaogopa. Hiyo ingine nikafukia."

"Na mama?"

"Tuligombana kwa sababu ya hiyo nyama. Akabeba mtoto akaenda. Sijui wapi. Haki ya Mungu sijui."

Kimeta. Huku kwetu kila mfugaji analijua jina hilo. Mnyama akifa hivyo, hapasuliwi, haliwi, hafukuliwi, kwa sababu ugonjwa unabaki ndani ya udongo miaka na miaka ukingoja mtu afungue. Niliangalia magoti yangu yaliyozama kwenye ule udongo mwekundu. Niliangalia mikono yangu. Sikuwa na glavu.

Sasa fikiria alichokuwa nacho Mwalimu kichwani. Akinyamaza, watachimba kwa mikono. Akisema ng'ombe, watauliza ng'ombe yupi, na baada ya hapo hakuna naibu wa chifu atakayeweza kuwazuia. Uso wake ulikuwa wa kijivu.  Akasimama.

"Mnanikaribia sana," akawaambia. "Pumzi zenu zinaingia kwa mashine. Rudini nyuma. Mpaka kwa jiko."

Wakarudi. Baada ya kitambo akawaambia tena, mpaka kwa barabara. Baadhi walirudi, baadhi walinung'unika. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kututazama tukipima siku zile za muhogo akasema kwa sauti, "Mbona leo hailii? Ile siku ilikuwa inalia kama nyuki."

Nikazidi kuinamia mrija. Mwalimu hakugeuka. "Leo nimeiweka polepole," akasema. "Mchanga umelowa."

Sijui tulikaa muda gani. Ninachokumbuka ni mvua ikidunda juu ya bakuli, na kila mara niliposikia injini barabarani nilidhani ni polisi, na kila mara ilikuwa boda boda wa kuleta watu zaidi.

Mwishowe kijana wa jembe alichoka. Alikuja moja kwa moja, jembe mkononi, na wengine wakaanza kumfuata. Mwalimu akasogea akasimama mbele yake, kati yake na udongo. Alimfikia kifuani tu.

"Toka, mama."

"Chini ya huu mchanga hakuna mtu," akamwambia.

"Umejuaje? Mashine imesema?"

Akaitazama pampu. Nadhani hapo ndipo alipochagua. "Kuna ng'ombe," akasema. "Alikufa na kimeta. Ukipiga jembe hapa unakufa wewe, na mamako atakayekuosha anakufa. Weka chini, mwanangu."

Kijana alisimama vile vile, jembe limeinuliwa nusu. Kisha akaliachia likaanguka, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. Wale wa nyuma yake walirudi haraka, wakigongana.  Ndipo sauti ya mwanamke, si ya juu, ikauliza, "Ng'ombe gani? Ile nyekundu?"

Akamgeukia aliyesimama karibu naye.

"Si ndiyo tulinunua nyama yake?"

Nimewahi kusikia mabomu ya machozi, nimewahi kusikia paa likipeperushwa na upepo. Sijasikia kitu cha kutisha kama kimya kilichofuata. Niliona vichwa vikigeuka kumwelekea Baba Amoit, kimoja baada ya kingine. Mtu mmoja aliokota dumu la petroli. Na hapo ndipo honi ya polisi ilipolia kwenye kona, gari limepakwa matope hadi madirishani. Naibu wa chifu na askari wawili walimnyanyua Baba Amoit kama gunia na kumtupa nyuma ya gari kabla watu hawajaamua.

Gari lilipoanza kuzungukwa, Mwalimu alipanda juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa karibu na jiko. Kinu kilitikisika. Yeye, aliyekuwa anaogopa hata ngazi.

"Sikilizeni," akasema. "Kimeta ina dawa. Ukienda mapema, unapona. Aliyekula, aliyepika, aliyeosha sufuria, aende hospitali leo. Si kesho. Msimkimbilie huyu. Mkimbilieni watoto wenu."

Mama wa kwanza aliondoka akikimbia kuelekea kwake. Halafu mwingine. Wanaume wale waliokuwa wamekuja na tairi walianza kupiga simu nyumbani, wakiuliza nani alikula, nani alilamba mchuzi. Uwanja ulibaki mtupu, tairi mbili zimelala kwenye matope.

Daktari wa mifugo alikuja na watu wake, wakaufunga ule uwanja, wakamwaga chokaa na kufanya mambo yao. Waliokula walitibiwa. Mzee mmoja, ambaye alikuwa mgonjwa tangu kabla, hakupona, na mazishi yake yalikuwa ya watu wachache wasiotazamana. Baba Amoit alitibiwa akiwa na pingu, kisha akapelekwa kujibu mashtaka. Mimi na Mwalimu tulipewa dawa, tukaambiwa tuangalie ngozi zetu. Niliamka kila asubuhi nikajikagua kwa kioo, kila chunusi nikiiona nyeusi. Na kila asubuhi, kabla ya jua kutoka, simu yangu ililia. Alikuwa yeye, ambaye alichukia simu za alfajiri. "Wote wazima?" Nilimwambia ndiyo. "Mikono?" Nilimwambia mikono pia.

Mama Amoit alikuwa Tororo kwa dada yake. Alisikia jina la mumewe kwenye redio, akapiga simu kwa naibu wa chifu, akasema anarudi. Mwalimu alipoambiwa hakuamini. "Watu husema hivyo," akasema. "Nitaamini nikimwona." Tukaenda Malaba kumngoja. Foleni ya malori ya mafuta ilikuwa ndefu kama kawaida, na watu waliovuka kutoka Uganda walikuwa wakipenya katikati yake. Mwalimu hakungoja pembeni. Aliingia katikati ya yale malori, akapita moja baada ya jingine, akitazama uso wa kila mwanamke. Alipompata Mama Amoit alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamshika mtoto kichwa, mabega, miguu, kama mtu anayehakikisha bidhaa haijavunjika njiani. Mama Amoit alicheka huku akilia. "Mwalimu," akasema, "umeniona? Niko." Mwalimu akamshika mtoto kichwa tena.

Kwenye maabara ule mrija ulikuwa bado umekaa mezani, umezibwa vizuri pande zote mbili. Nilimuuliza niandike nini. Aliuchukua akaufungia kwenye mfuko wa taka zenye hatari. "Humo hakuna kilichotokea," akasema. Baadaye, tukinywa chai, akaongeza bila kuulizwa, "Nilidanganya watu. Ningedanganya tena. Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba ni vizuri." Tangu siku hiyo hakuweka bakuli kwenye boma la mtu yeyote kabla ya kuuliza wazee wa hapo ni wanyama gani wamezikwa wapi. Kazi ilikwenda polepole. Hakujali.

Watu wa Amukura walisema ni jasiri. Nilimwona akilisikia neno hilo, akageuza uso kama amepakwa matope. "Mimi niliogopa kuliko wote pale," aliniambia. "Wao walikuwa na hasira. Hasira inakusaidia kutoogopa. Mimi sikuwa na kitu cha kunisaidia."

Alistaafu. Akaenda Butula kukaa kwa binti yake. Tulizungumza kwa simu, halafu simu zikapungua, halafu binti yake ndiye akawa anapokea. "Mama anasahau," aliniambia. "Lakini njoo. Siku nyingine anakuwa sawa."

Nilikwenda siku ya soko. Alikuwa ameketi barazani, nywele zimesukwa vizuri, mikono juu ya mapaja. Alinitazama muda mrefu kwa adabu, kama mgeni anayemtazama mgeni. Nilimwambia mimi ni nani. "Wa maabara," akasema, na sikujua kama amekumbuka au amenirudishia neno langu. Binti yake alituletea chai, akarudi ndani. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya mahindi. Nilianza kufikiri kwamba labda amefika mahali ambapo hofu haimfikii tena, na nikafurahi kwa ajili yake.

Ng'ambo ya ua jirani alikuwa akipalilia maharagwe. Upepo ukageuka, na ile harufu ikatufikia. Nilimwona ikimwingia. Mgongo wake ulinyooka. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nani anachimba?"

"Ni jirani, Mwalimu. Anapalilia tu."

"Waambie wasichimbe." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Yule mama. Yule wa muhogo. Tulimpata?"

 "Tulimpata. Alikuwa Tororo kwa dada yake."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Wazima wote wawili."

Akaniachia. Akashusha pumzi ndefu, akanywa chai kidogo, akasema maharagwe mwaka huu yatakuwa mazuri. Jembe la jirani liliendelea. Kisha mkono wake ukanirudia, macho yale yale.

"Yule mama. Tulimpata?"

Nikamwambia tena. Safari hii nikamweleza jinsi alivyovuka mpaka na mtoto mgongoni, na jinsi alivyocheka na kulia kwa pamoja. Akasikiliza kwa makini, kama mwanafunzi, na woga ukamtoka usoni kidogo kidogo. Alipouliza tena nilimweleza tena, nikaongeza sweta ya mtoto, na kanga ya mama, na vile dereva mmoja wa lori alivyotoa kichwa dirishani kutazama. Jua likaanza kushuka. Binti yake alitoka akaniambia kwamba gari la kwenda Busia liko karibu kuondoka, na kama nataka kulipata niende sasa.

Nikainuka. Mwalimu naye akataka kuinuka, akashindwa, akashika ncha ya sweta yangu.

"Yule mama," akasema.

Nikamwambia binti aliache gari liende. Nikakaa.

"Tulimpata, Mwalimu. Tulikwenda Malaba kumngoja, mimi na wewe, na wewe ndiwe uliyemwona kwanza."